Ugwe Uliogoma Kuvulika

Ukitaka kumjua Alen wa Magamba, usiulize amesoma mpaka wapi, maana utamtia aibu bure. Uliza ameanza nini na nini. Alianza kufuga sungura, akaishia kuwala. Alianza banda la kuku la ghorofa, ghorofa ya juu ikakosa ngazi, kuku wakawa wanaitazama tu kama sisi tunavyotazama mwezi. Alianza gitaa, akaanza Kichina, akaanza kuacha sukari. Na alianza uhandisi wa mitambo chuo kikuu kule Dar es Salaam, akaenda nao vizuri mpaka mwaka wa tatu, ndipo somo moja la hesabu likamkamata ukosi wa shati na kumrudisha milimani na begi lake la magurudumu, lile lisilofaa kitu kwenye njia za mawe.

"Niko mapumzikoni," aliwaambia watu. Mapumziko yenyewe yalikuwa yameshaota ndevu.

Kitu kimoja tu alikuwa haachi katikati: mzaha. Hapo Alen alikuwa mtu wa kumaliza kazi. Kwenye harusi ya binamu yake Modesta alificha jogoo chini ya meza ya keki, nyuma ya kile kitambaa kirefu. Mshereheshaji alipomwambia bibi harusi akate, jogoo akawika, akatoka mbio na kitambaa, keki ikamwangukia mama wa ubatizo kifuani. Tangu siku ile Alen akisema kitu, hata kiwe cha kweli namna gani, watu wanacheka kwanza halafu wanakagua mifuko yao. Alishawahi kuumwa malaria, jirani akapita dirishani akampigia makofi.

Sasa ikafika zamu ya Secilia, dada yake, kuolewa na Abrahamu, mkulima wa karoti na viazi kule Shume. Wiki chache kabla ya harusi Secilia alimkuta kaka yake amekaa kwenye ngazi za jikoni anamenya plamu, akasimama mbele yake na mikono kiunoni.

"Alen. Apa."

"Niape nini tena?"

"Kwamba harusi yangu huifanyii mzaha wowote. Jogoo hapana, chura hapana, hata kupiga chafya kwa makusudi hapana."

"Naapa kwa digrii yangu."

"Apa kwa kitu ambacho unacho."

Alen akafikiri. Ukiondoa begi la magurudumu, hakuwa na vingi. "Haya, naapa kwa simu yangu. Nikifanya mzaha, kioo kipasuke."

"Kimeshapasuka."

"Basi kipasuke tena. Secilia, nakuahidi. Siku hiyo nitakuwa mpole kama mshumaa."

Macho ya Secilia yakaanza kulowa. "Nina harusi moja tu," akasema, akaingia ndani. Na hapo Alen, ambaye kwa kawaida kitu kilikuwa kikimwingia sikio hili kinatokea lile, alihisi kile kimekwama ndani. Alitaka, walau mara moja, dada yake asimkague mifuko.

Kilichomponza ni upinde wa Babu.

Katika ukoo wao msichana hatoki tu mlangoni kama anakwenda dukani. Asubuhi ya harusi Babu Sefania anasimama mlangoni na upinde, ugwe, yaani ile kamba yake, umevishwa, anawazuia wakwe: nyinyi ni nani, mnataka nini, huyu ni mke wangu. Wakwe wanajibu mzaha kwa mzaha, wanatoa blanketi, wanatoa koti, mpaka Babu aridhike. Akiridhika, anauvua ugwe. Ugwe ukishatoka kwenye ncha ya upinde, njia imefunguka. Na ule ugwe haubaki: anaukunja, anampa bibi harusi aende nao. Mume akimtesa, hana haja ya kuja kulalamika. Anautuma ugwe nyumbani, Babu anauvisha tena, na kila mtu anajua maana yake. Ndiyo sababu ugwe haukatwi. Ugwe wenye kidonda hauwezi kurudi kazini. Mama yao, Mama Esteria, wa kwake bado anao ndani ya sanduku la bati, umekuwa wa njano kama jino. Hajawahi kuutuma popote. Ila siku Baba akipandisha sauti, Mama hulifungua tu hilo sanduku, akajifanya anatafuta kanga.

Sasa upinde wenyewe uliteremshwa kutoka darini jikoni, ukapigwa kibao kidogo kuondoa masizi, ukamwaga unga. Ulikuwa umebunguliwa wote. Babu akaushika katikati, ukabaki vipande viwili mkononi, kama muwa.

"Shikamoo, Babu," Alen alisema, maana alikuwa ndiyo anaingia.

"Marahaba, injinia wa nusu. Unaona? Mke wangu anaondoka na mimi nimebaki na kuni."

"Hiyo tu, Babu? Hiyo ni fizikia ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza nilifaulu. Nitakutengenezea."

"Wewe? Na lile banda la kuku?"

"Babu, banda ni ujenzi. Mimi ni mitambo."

Ukweli ni kwamba pale nyumbani hakuna aliyewahi kutengeneza upinde. Babu mwenyewe aliukuta, akaurithi, akautumia. Alichojua ni kwamba ugwe unaingia na ugwe unatoka. Kwa hiyo Alen hakuwa na wa kumzuia. Rafiki yake Issa, dereva wa bodaboda anayeshuka Mombo kila siku, akamletea mti wa mkole kutoka huko chini, ameufunga ubavuni mwa pikipiki kama mkuki. Njia nzima, Issa alisema, watu walimpisha kwa heshima ambayo hajawahi kuipata tangu anunue pikipiki.

Kuuchonga haikuwa tabu sana. Panga, randa, kipande cha chupa cha kukwangulia, na jasho. Mti ukaanza kupinda, pande zote mbili karibu sawasawa, ukitazama kwa jicho moja na kwa upendo. Kazi ilikuwa kwenye ncha. Ugwe lazima ukae mahali, na mahali penyewe ni chale: mkato mdogo ubavuni mwa ncha, huku na huku, ambamo kitanzi cha ugwe kinalala kisiteleze.

Alen alipanda mpaka juu ya shamba la kabichi, penye mtandao, akatafuta video. Akampata mzee mmoja wa Kizungu mwenye ndevu kama kifagio, yuko gereji kwake, anakata chale kwa tupa ya duara kwa upole kama anamnyoa mtoto mchanga. Mzee alieleza mengi ya maana. Usikate kuzunguka mti mzima, utaupasua. Kata mbavuni tu, kwa mshazari, kufuata njia ambayo ugwe wenyewe unataka kwenda. Kingo zilainishe kwa msasa, la sivyo mti utautafuna ugwe. Juu weka kitanzi, chini weka fundo. Alen alikuwa anatikisa kichwa peke yake kule kilimani kama yuko darasani, na kusema kweli hajawahi kutikisa kichwa hivyo alipokuwa darasani. Ikafika sehemu ya mwisho, mzee akasema sasa tutaona namna ya kuuvisha ugwe na kuuvua. Video ikakwama, ikaanza kuzungukazunguka. Alen akaisubiri kidogo, halafu akaizima. Kuvisha na kuvua, akajiambia, hata soksi zinavishwa na kuvuliwa. Akashuka.

Kitu kimoja hatumnyimi: chale zake zilipendeza. Ile ya juu hasa. Aliikata kwa tupa ya duara aliyoazima kwa seremala wa Lushoto mjini, akaichongea na mdomo kidogo kama wa ndege, akaisugua kwa msasa mpaka ukipitisha kidole unahisi unamgusa shavu mtu. Akaipiga picha, akaiweka kwenye simu watu waione. Ugwe akausokota kwa katani kutoka mashamba ya huko bondeni, akaupaka nta ya nyuki, ukanyooka, ukanukia asali. Issa alikaa pembeni anakula mahindi ya kuchoma, mchambuzi.

"Kaka, hii umeimaliza kweli," Issa akasema. "Naogopa. Utakuwa unaumwa."

Wakampelekea Babu ajaribu. Babu akasimamisha upinde, akakanyaga ncha ya chini, akaubonyeza, akakivuta kitanzi mpaka kwenye chale. Kikaingia. Bibi akapiga kigelegele kule jikoni. Lakini mikono ya Babu siku hizi inatetemeka, na chale ilikuwa nzuri kuliko ilivyokuwa na kina. Kitanzi kikateleza. Upinde ukanyooka kwa hasira, pwaa, kofia ya Babu ikaruka ikatua kwenye mti wa pichi.

Babu alicheka mpaka akakohoa. "Injinia! Ulitaka kunirudisha kwa mababu na kofia nisiwe nayo?"

Alen hakucheka. Aliona kwa macho yake asubuhi ya harusi: wakwe wamejaa uani, Babu mlangoni, kitanzi kinateleza, kofia inaruka, na watu wote wanageuka kumtazama yeye. Ni Alen huyo! Na Secilia nyuma ya mlango ndani ya gauni jeupe. Nani atamwamini kwamba ni bahati mbaya?

Basi ugwe usiteleze. Usiteleze hata kidogo. Akarudi na tupa, akaizamisha ile chale. Akavisha ugwe, akakizungushia kitanzi uzi wa nailoni, akakaza kwa koleo. Halafu, kwa usalama zaidi, akachukua ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa, ile ambayo mafundi wanabandikia vyuma, akaipaka chale nzima, kitanzi, uzi na kila kitu, ikakauka ikawa jiwe.

"Hapo hautoki huo," Issa akasema.

"Hautoki," Alen akajibu, kifua mbele, "hata uje na trekta."

Wakagonganisha viganja. Vijana wawili wenye akili zao timamu, mmoja amefika mwaka wa tatu chuo kikuu, na hakuna aliyesikia alichokisema.

Upinde ukatundikwa barazani, umevishwa tayari, kila anayepita auone. Ukungu wa Magamba nao ukapita, ukauona. Katani ikinywa maji hufupika. Asubuhi ya harusi upinde ulikuwa umepinda zaidi ya jana yake, umevimba kwa kiburi, na Alen akaupita akiwa na tai shingoni akauambia, "Umependeza, mwanangu."

Wakwe walishuka kutoka Shume kwa magari matatu na matarumbeta. Mshenga wao alikuwa Mzee Valentino, mtu mfupi mwenye sauti ya kipaza. Uani pakajaa. Mlangoni akasimama Babu Sefania, koti la zamani, kofia ileile, upinde mbele.

"Nani hao?" Babu akaunguruma.

"Ni sisi, Babu. Shikamoo."

"Marahaba. Sisi ni nani? Hata mwizi ukimuuliza anasema ni sisi."

"Sisi ni watu wa Shume. Tumesikia humu ndani kuna ua, tumekuja kulichuma."

"Ua lipo. Lakini ni mke wangu."

"Babu, mke wako tumempita pale jikoni. Ana jino moja na anatupigia kigelegele."

Vicheko, vigelegele. Bibi akatoka kabisa na mwiko kuonyesha kwamba jino ni mawili. Likatolewa blanketi, Babu akalinusa, akasema hili ni la mtoto mchanga. Likaongezwa la pili. Likatolewa koti jipya, akalivaa juu ya lile la zamani. Zikatolewa kanga za Bibi. "Hongea, hongea," Babu akawa anashukuru, huku hasogei hata hatua. Alen alisimama karibu na dirisha, mikono nyuma, mpole kama mshumaa. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri ajabu. Alijisikia mtu mzima.

"Basi," Babu akasema mwishowe. "Nimeridhika. Nauvua."

Watu wakasogea waone. Babu akakanyaga ncha ya chini, akabonyeza, akavuta kitanzi. Hakikuja. Akasogeza mguu, akabonyeza tena. Hakikuja. Mishipa ya shingo ikamsimama. Mzee Valentino akatabasamu, akadhani ni mbinu, akaagiza blanketi jingine.

"Sitaki blanketi," Babu akasema.

"Babu ana kiburi huyu! Leteni na mbuzi!"

"Sitaki mbuzi! Ugwe hautoki!"

Uani wakaangua kicheko. Babu akageuza shingo taratibu. "Alen. Hebu njoo hapa, baba."

Alen alipoigusa ile chale kwa kidole ndipo lilipomwingia lote kwa pamoja: gundi, uzi, trekta. Alikuwa amefikiria kuvisha. Kuvua hakukufikiria kabisa. Kazi nzima ya siku ile ilikuwa ni kuvua, na yeye alikuwa ameitengenezea kufuli.

"Babu," akanong'ona, "nimeubandika."

"Umeubandika nini?"

"Kwa gundi."

"Ili iweje?"

Hilo swali hata mwalimu wake wa hesabu alikuwa akimuuliza.

Issa akaja, akaweka goti katikati ya upinde. Vijana wawili wa Shume wakaning'inia huku na huku. Upinde ukalia kama mlango wa kanisa, kitanzi hakikusogea. Bibi akaleta mafuta ya kupikia, wakapaka. Gundi haikujali, ila upinde ukaanza kuwaponyoka, ukamgonga mpiga tarumbeta kwenye ugoko. Shangazi mmoja wa Shume akasema yeye kwao wanatumia maji ya moto kwa kila kitu. Wakamwaga, kilicholainika ni viatu vya Issa. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanajifuta machozi, na kila walipotulia mmoja anasema, "Alen huyo! Alen hana adabu!" kicheko kinaanza upya.

"Jamani, siyo mzaha," Alen akasema. "Nimekosea kweli. Hautoki kweli."

Wakampigia makofi.

Simu ya Mzee Valentino ikalia. Aliyepiga alikuwa mchungaji, yuko kanisani Lushoto, anauliza bibi harusi yuko wapi kwa sababu baada yao kuna harusi nyingine. "Bado tumezuiwa, Mchungaji," Mzee Valentino akasema, na sasa hakuwa anatabasamu. "Hapana, siyo mvua. Ni kamba."

Akakata simu, akatoa kisu mfukoni. "Tukate, tutanunua nyingine."

"Weka hicho!" Ni Mama Esteria, na sauti yake hakuna aliyewahi kuisikia juu hivyo. "Wa kwangu upo mzima mpaka leo. Mwanangu haondoki na ugwe wenye kidonda. Afadhali alale hapa."

Mlango ukafunguka kidogo nyuma ya Babu. Akatokea Secilia, amefunua shela mwenyewe. Alikuwa amesikia vicheko, amesikia jina la nani linatajwa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Uliapa," akasema.

"Secilia, haki ya Mungu—"

"Uliapa, Alen." Akanyoosha mkono wenye glavu. "Lete simu."

Alen akamwekea simu mkononi. Secilia akaishika, machozi yakaanza kuharibu kazi ya mpambaji, na msimamizi wake akawa anampepea uso kwa kanga kama anafukuza nzi. Hata waliokuwa wanacheka waliona kwamba huu si mzaha wa jogoo.

Alen akautazama upinde. Miaka mitatu alisomeshwa kuhusu nguvu zinazovuta na nguvu zinazosukuma, na hili lilikuwa tatizo la kwanza maishani mwake kuja lenyewe mpaka mlangoni, limevaa na gauni. Ugwe hautoki kwenye mti. Ugwe haukatwi. Basi kinachobaki ni mti. Macho yakatua pale juu, kwenye ule mdomo wa ndege alioulainisha kama shavu, alioupiga picha, kitu cha kwanza alichokimaliza tangu azaliwe kikapendeza.

"Issa," akasema, "niletee msumeno."

"Anataka kukata mlango!" mtu akapiga kelele.

"Nakata ncha ya upinde. Chini ya chale. Ugwe utatoka mzima na kipande chake."

Babu akamtazama, akatazama ile chale, akasema polepole, "Na ilivyokuwa nzuri."

"Ndiyo, Babu."

Wakaulaza upinde kizingitini. Issa akasimama juu yake katikati kwa viatu vyake vilivyolowa. Alen akavua tai. Alijua kwamba mti ukikatika utanyooka kwa nguvu zote zile ambazo ukungu umeuongezea, kwa hiyo akasimama, akafumba jicho moja, akapiga hesabu. Mti unapinda huku, basi utarukia kule. Akahamia upande salama, akapiga goti, akaanza kukata.

Msumeno ukaingia. Unga mweupe wa mkole ukamwagika kizingitini. Watu wakakaribia, wakarudi nyuma, wakakaribia. Mti ukasema ki, ukasema kii, halafu ukasema kitu kingine kabisa.

Hesabu ilikuwa ni ileile iliyomrudisha nyumbani.

Upinde ulinyooka kuelekea upande wake, ukampiga katikati ya paji la uso, ngo, mlio uliosikika hadi kwenye magari. Alen akakaa chini kama mtu aliyekaribishwa kiti. Msumeno ukaenda zake. Na ugwe, mzima, hauna hata mchubuko, ukalala legelege miguuni mwa Babu, kichwani umeng'ang'ania kipande cha mti chenye mdomo wa ndege.

"Umetoka!" Bibi akapiga kigelegele. "Umetoka jamani!"

Babu akalifungua fundo la chini, lile lilikuwa fundo la kawaida tu la watu wenye akili, akaukunja ugwe pamoja na kile kipande. Lakini Secilia alikuwa ameshampita, amechuchumaa na gauni lake lote mbele ya kaka yake. Nundu ilikuwa inapanda kwenye paji la Alen, unaiona kwa macho inavyopanda, kama andazi kwenye mafuta.

Secilia akaigusa kwa ncha ya glavu. "Hii hukuipanga," akasema.

"Ningeipanga ningesimama mbali."

"Si nimekuona ulikuwa unapima pa kusimama?"

"Nilipima," Alen akasema. "Ndiyo nikasimama pale."

Secilia alijaribu kuzuia kicheko, kikamtokea puani. Akacheka na machozi yake, shela imekaa upande, mpaka msimamizi akakata tamaa na ile poda. Halafu akamfungua kaka yake kiganja, akamrudishia simu. Akasimama, akapokea ugwe kwa mikono miwili kutoka kwa Babu.

"Njia imefunguka," Babu akatangaza. "Kidogo itutoe roho, lakini imefunguka."

"Babu," Mzee Valentino akasema huku anakimbilia gari, "nimeshazuiwa milango mingi. Hii ni ya kwanza naona wanampiga wa kwao."

Walifika kanisani wamechelewa lakini hawajafungiwa. Kwenye picha za harusi Alen yuko mstari wa nyuma, mpole kama mshumaa, na paji lake linang'aa kuliko keki. Watu walimpa pole. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyekagua mifuko, ingawa kuna mtoto mmoja aliomba kuibonyeza nundu aone kama ni ya kweli.

Ugwe uko Shume sasa, umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba, na kile kipande cha mti kinagonga ubao kila mlango ukifunguliwa. Abrahamu alikuwa anakiogopa mwanzoni. Siku hizi akichelewa kurudi kutoka shambani, kikigonga, anakivulia kofia: "Shikamoo, shemeji. Nipo, nimerudi."

Upinde nao umerudi darini kwa Babu, mfupi upande mmoja, hauna chale ya juu. Taratibu za ukoo zinasema lazima uwe tayari, maana ugwe unaweza kurudi wakati wowote. Kila Alen akipita Babu anamuuliza, "Injinia, chale imefika wapi?"

"Nimeshaianza, Babu."

Secilia aliposikia alimpigia simu kaka yake kutoka Shume, na kwa kuwa kioo kimepasuka Alen alishindwa kuona jina, akaitikia kwa sauti ya mchungaji. Dada yake akamwacha amalize kumbariki, ndipo akasema, "Hiyo chale, kaka. Usihangaike nayo, huku ugwe hauna safari. Iache hapohapo ilipofika."